Siku yangu moja ukutani, Dandora

Saa 12:30 asubuhi. Moshi wa jaa ndio unaoniamsha kabla ya simu. Upepo ukigeuka usiku, nguo ulizoacha kambani zinanuka plastiki iliyoungua. Jaa la taka la Dandora, huku mashariki mwa Nairobi, lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na malori bado yanapanda. Nafunga dirisha, nakunywa chai ya rangi, natoka.

Kazi yangu ni kuchora kuta pamoja na vijana wa mtaa, na natoka mapema kwa sababu ya jua. Ukuta wa leo unatazama mashariki, na ukishapata moto rangi ya maji inakauka kwenye rola kabla hujaivuta, inaacha michirizi. Sehemu pana tunazimaliza kabla ya saa tatu. Nyuso na maandishi baadaye.

Saa moja nimefika koti. Kwa asiyeijua Dandora, koti ni ua wa wazi uliozungukwa na nyumba. Mtaa huu ulipangwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Halmashauri ya Jiji iligawa viwanja kama 6,000 vyenye maji na choo, mwenye kiwanja akajijengea vyumba kwa uwezo wake, na katikati pakaachwa ua wa pamoja. Vyumba vikawa ghorofa, na ule ua wa wote ukawa pa kutupia taka. Vijana wa koti ya Mustard Seed ndio waliotuonyesha njia. Walifagia, wakapanda miti, wakawaomba wenyeji mchango mdogo wa kila mwezi kwa usafi na ulinzi. Baadaye likaja shindano la Changing Faces, koti zikaanza kushindana kwa usafi na bustani. Rangi ilifuata nyuma ya hayo yote. Wageni wanaokuja na kamera huona rangi tu.

Leo nachungulia kwanza chini ya ukuta, mahali mtaro unapopita. Vijana waliuzibua wiki iliyopita na maji yanakwenda. Mtaro ukiziba, unyevu unapanda ndani ya mawe, chumvi inatoka, rangi inavimba malengelenge na kubanduka vipande vipande, hata uwe umenunua ile ya bei ghali kabisa dukani. Kwa hiyo mimi sipaki ukuta wenye mtaro uliokufa. Wengine wananiona nina maringo.

Saa mbili vijana wanaanza kujikokota mmoja mmoja. "Tichee, niaje." Shule zimefungwa, basi kuna wa sekondari wenye kelele na wakubwa wasio na kazi wanaojifanya hawajali. Mmoja alijifunza kuchora kwenye gereji za matatu, na inaonekana: mkono wake hautetemeki kwenye herufi. Matatu ndiyo shule ya sanaa ya vijana wengi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi. Sheria za 2004 za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, ziliyafutia michoro yakabaki na mstari wa njano, mpaka mwisho wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana wasisumbuliwe tena kwa ajili ya grafiti.

Kuhamisha mchoro kutoka karatasini hadi ukuta wa mita nane hatutumii projekta, maana mchana haifai kitu na usiku hatukai nje. Tunachorachora ukuta mzima alama za ovyo: herufi, nyota, majina ya wapenzi. Tunapiga picha, tunaulaza mchoro juu ya picha hiyo kwenye simu, kisha kila mmoja anatafuta: jicho linaanzia penye nyota, kidevu kinaishia kwenye jina la Shiko. Watoto wanaipenda sehemu hii kuliko zote kwa sababu ndiyo pekee wanayoruhusiwa kuharibu ukuta.

Saa nne, Shosho, yule bibi wa nyumba ya kona, anatoa kiti chake nje, na hapo ndipo kazi halisi inaanza.

Vijana wanataka uso wa rafiki yao aliyepigwa risasi. Wanataka awe upande wa barabarani, mkubwa, kila anayepita amwone. Wazee hawataki, wanaogopa polisi. "Karao wakipita hapa wakimwona, watauliza nani alimchora," anasema Shosho, "na nyinyi ndio mtajibu, si huyu mwalimu wenu anayerudi kwake jioni." Hakuna wa kumbishia. Mimi pia nanyamaza, maana ukuta si wangu.

Wanabishana mpaka chapo madondo, chapati na maharagwe, zinafika. Anayemaliza mambo ni mama wa marehemu, aliyekuja kuteka maji tu. Anaitazama picha kwenye simu kwa muda. "Mchoreni ndani, huku tunakofulia. Na mwondoeni hiyo kofia, hakuwahi kuivaa mbele yangu." Imeamuliwa. Barabarani wataruka korongo wa jaa, wale wakubwa wenye vipara ambao kila mtoto wa Dandora anawajua. Ndani atakaa yeye, bila kofia.

Nikisikia mtu akisema michoro ni pambo la mtaa, namkumbuka Solo7, mchoraji wa Kibera, aliyezunguka na rangi na brashi mwanzoni mwa 2008, moto wa ghasia za baada ya uchaguzi haujazimika, akiandika kwenye mabati na kuta akiwasihi Wakenya wenzake wadumishe amani.

Saa nane anakuja mgeni wa shirika fulani. Ni mtu mpole, kwa kweli. Anauliza nembo yao itakaa wapi, na kama inaweza kuwa kubwa kidogo. Mtaa wetu umeshajaa nembo. Kampuni za simu na za sabuni zimepaka nusu ya vioski rangi zao. Namwonyesha kona ya chini kulia. Anauliza pia kama vijana watajitolea. Namwambia Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa vibarua vya vijana, ilimlipa kijana shilingi 455 kwa siku kuzibua mitaro, kwa hiyo anayechora hawezi kulipwa soda. Anaandika.

Saa tisa hadi kumi na moja ni kazi tupu. Kwa ardhi tunatumia redioksaidi, ile nyekundu ya sakafu: ni rahisi na jua haliiwezi. Waridi na njano kali zinapauka mapema, ila wasichana wameng'ang'ania waridi kwenye mabawa, na wao ndio watakaoipaka tena.

Saa kumi na mbili naosha brashi. Ujumbe umeingia kutoka koti ya pili: wanataka mchoro kama huu, bei gani? Wameambatisha picha ya ukuta wao. Nimewajibu wanitumie ya mtaro.