Break up ya huku sio ya wapenzi tu

Jamani wabongo mliokuja Uingereza na watoto, hili neno break up linawapa watu presha bure. Kuna mdogo wangu mmoja wa kazini, hana muda mrefu huku, kanitumia meseji ya shule ya mwanae, imeandikwa "we break up on Friday", ananiuliza dada, shule inavunjwa, sasa mtoto ntampeleka wapi? Nikamwambia tulia, shule inafunga tu, ni likizo.

Na hiyo tarehe ishikeni kabla hamjakata tiketi ya Dar, maana nauli zinapanda shule zikishafunga, kwahiyo watu wanaondoka na watoto wiki moja kabla, alafu wakirudi wanakuta faini. Hapa England tangu Agosti 2024 mtoto akikosa siku 5 bila ruhusa mnaweza kupigwa pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na siku 21 zikipita hamjalipa inakuwa 160. Baba na mama wenye watoto watatu hiyo ni 480 ya kuanzia, yani unafuu wote wa tiketi umeisha.

Ukilisikia tena angalia anaongelewa nani. Wapenzi wakiachana ndio lile tunalolijua wote, ila kama mmoja ndio kamwacha mwenzie usisahau with, she broke up with him. Kikao nacho kina-break up, yani watu wametawanyika, haimaanishi wamegombana. Polisi wakiamulia ugomvi they break it up. Na meneja akikwambia kwenye simu "you're breaking up" hakufukuzi kazi jamani, sauti yako inakatika katika, sogea dirishani umpigie tena. Uchumba ukivunjwa ni break off, harusi ikifutwa ni call off, hizo msizichanganye.

Alafu kitu kingine, Scotland shule zinafunga mwisho wa Juni na kufungua katikati ya Agosti, England nyingi zinafunga karibu na mwisho wa Julai na kurudi Septemba, kwahiyo kama mnapanga harusi nyumbani na mna ndugu Glasgow, wekeni mwanzoni mwa Agosti watoto wa pande zote wawepo.