Ukara: nilifuata jiwe, nikakawia shambani

Kutoka Mwanza hadi Ukara, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria, unavuka maji mara mbili. Unapanda meli mpaka Nansio, unakata kisiwa cha Ukerewe kwa gari au bodaboda hadi Bugolora, halafu unasubiri kivuko cha kwenda Bwisya. Ni katika njia hiyo ya pili, karibu kabisa na gati la Bwisya, MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Tulipokaribia gati, mazungumzo yalipungua, nami sikumuuliza mtu kitu.

Kilichonipeleka ni jiwe la Nyaburebeka, kijijini Chifule. Ni jiwe kubwa lililokaa juu ya mwamba, na sifa yake ni kucheza. Halimchezei kila mpita njia, lina wenyewe. Mzee aliyenipokea aliitikia shikamoo yangu, tukaelewana kuhusu sadaka, akasema, “Sasa tulia, mjukuu wangu.” Akaimba kwa Kikara, jiwe likaanza kuyumba huku likinguruma. Mwalimu wa fizikia atakueleza habari za uzito na egemeo, na huenda yuko sahihi. Mimi nilishangilia tu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu jiwe si ajabu kubwa ya Ukara. Ajabu ni mashamba. Kisiwa ni kidogo, watu wamejaa, mawe yako kila upande na udongo ni wa kichanga, lakini ardhi hailazwi ipumzike. Tangu kabla ya ukoloni, Wakara wamekuwa wakifuga ng’ombe nyumbani, kwenye zizi lililochimbwa chini, na kuwaletea majani humo humo. Kinyesi na mabaki ya malisho huoza pamoja, kisha samadi hubebwa shambani. Katikati ya uwele hupandwa marejea, mimea ya jamii ya kunde, ambayo baadaye hufukiwa ardhini kuurutubisha udongo. Hata majani ya ng’ombe hulimwa, kwenye vishimo vyenye maji karibu na ziwa, na mti una mwenyewe hata ukiwa katika shamba la jirani. Wataalamu wa kilimo wa serikali ya Waingereza waliyaandika haya tangu miaka ya 1930.

Nilikaa kwa mama mmoja aliyekuwa akizoa samadi, nikamsifu: Wakara mnajua kulima kuliko wote. Nikadhani atafurahi. Nikaongeza kwamba nimesikia wenzao waliohamia bara, walikopata ardhi tele, waliacha kilimo hiki.

Akacheka mpaka akaweka tenga chini. “Wameacha, ndiyo. Kule shamba likichoka unahamia jingine. Wewe, mwanangu, ungekuwa na ardhi ya kutosha, ungebeba mavi ya ng’ombe kichwani?”