Mbegu Iliyohamishwa Kwao

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nilikuwa nimekwisha kuamua kumrudishia mchungaji daftari la shule ya Jumapili. Vijana wawili niliowafundisha tangu wakiwa wadogo walinipita kwenye kituo cha bodaboda hapa Fort Portal pasipo hata kunisalimu, nami nikajiuliza ni nini hasa nilichopanda miaka yote hii.

Katika uchungu huo nilikumbuka kichaka kiitwacho Franklinia, ndugu wa michai yetu, ambacho ua lake jeupe lenye kitovu cha manjano linafanana na yale tunayoyaona kwenye michai iliyoachwa bila kukatwa, isipokuwa la kwake ni kubwa zaidi. Kwao palikuwa mahali padogo mno, kando ya mto Altamaha katika jimbo la Georgia, Marekani. John Bartram na mwanawe William walikikuta huko mwaka 1765. Baadaye William alirudi akachukua mbegu, nazo zikapandwa katika bustani ya familia yao huko Philadelphia. Tangu mwaka 1803 hakuna aliyekiona tena porini, na kila Franklinia iliyo hai leo imetokana na mbegu zile. Tena tunda lake huchukua zaidi ya mwaka mzima kukomaa, na mimi nilitaka kuvuna kabla ya Krismasi!

Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia. Kukabidhi, wapendwa, si kutunza. Sisi tuliookoka zamani tumeikunja imani yetu sandukuni kama gomesi ya harusi, kisha tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawamjui Mungu. Ni kijana yupi uliyemketisha jikoni kwako ukamsimulia jinsi Bwana alivyokuvusha ulipokosa karo, au ulipofiwa? Najikemea mwenyewe kwanza, kwa maana wale wawili niliwakaririsha mistari mingi wakaijua kwa moyo, lakini sikuwaambia hata mara moja jinsi nilivyolia usiku baba yangu alipofariki, wala ni nani aliyenishika mkono usiku ule.

Daftari bado liko kwangu. Mmoja wa vijana wale huegesha pikipiki yake karibu na soko. Jumapili asubuhi nitamwomba anipeleke kanisani, na nauli nitamlipa kamili.