Sponji, maharage na mtoto aliyeficha mikono

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu, nilipanga meza tano za michezo ya kugusa kwa asubuhi moja. Mchele wa rangi, maji, unga, povu la sabuni na vitambaa. Mchele nilikesha nikiupaka rangi. Dakika kumi hazijatimia, mchele uko ndani ya maji, maji yako ndani ya unga, nami niko chini ya meza natafuta kiatu cha mtu. Watoto walifurahi, sikatai. Ila ungeniuliza nani amejifunza nini, ningekutazama tu.

Siku hizi naweka kitu kimoja. Beseni pana, watoto watatu au wanne, vikombe viwili, faneli na sponji, basi. Nilidhani watachoka upesi, kumbe wanazama. Mtoto wa miaka miwili akipewa sponji anaichovya, anaikamua, anayatazama maji yakidondoka, anaichovya tena. Nimewahi kuhesabu mara ishirini na mbili kabla hajainua uso. Misuli ya kiganja anayoitumia pale ndiyo atakayoitumia baadaye kushika kalamu na kufunga vifungo vya shati. Akimimina kutoka kikombe kirefu kwenda kifupi, maji yanamwagika, anakitazama kikombe kama kimemdanganya. Kesho anamimina polepole. Sijamfundisha mimi.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza ukuaji wa watoto, alisema katika miaka 2 ya mwanzo mtoto anaujua ulimwengu kwa milango ya fahamu na kwa mwendo wa mwili wake. Anayefundisha umri huu hahitaji kuambiwa, maana kila kitu kipya lazima kipitie mdomoni. Au puani. Nasema puani kwa sababu mtoto mmoja alijipenyezea haragwe, na haragwe likipata unyevu linavimba. Daktari alilitoa salama, lakini usingizi wa usiku ule niliukosa. Tangu hapo kinachopenya kwenye bomba la ndani la karatasi ya chooni hakiingii darasani kwangu. Zile shanga za jeli zinazofura kwenye maji sitaki hata kuziona, kwa kuwa zikimezwa zinaendelea kufura tumboni. Na beseni la maji halibaki peke yake hata kidogo. Kina cha sentimita 5 kinatosha kumzamisha mtoto. Tukimaliza, namwaga papo hapo.

Kingine kilichonichukua muda ni kufunga mdomo wangu. Mtoto amezama kwenye unga, mwalimu anamvamia: hii rangi gani? Hii ngapi? Uzi unakatika. Sasa nasubiri aniinulie macho, ndipo nampa neno moja. Na Kiswahili kimejaliwa maneno ya namna hii: unga ni tifutifu, kitambaa kimelowa chapachapa, kikombe kimejaa pomoni. Wanayapenda kwa mlio wake kabla ya maana. Yupo aliyeshinda juma zima akiita kila kitu "tifutifu", pamoja na mimi.

Maria Montessori, daktari aliyefungua shule yake ya kwanza, "Nyumba ya Watoto", mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto vibao vya msasa na vibao laini wavipapase wakiwa wamefungwa macho. Nilijaribu. Watoto wangu ni wadogo mno kwa kitambaa cha macho. Wawili walilia, wa tatu alikivaa shingoni akaondoka zake. Nikashona mfuko wenye tundu la mkono. Mtoto anaingiza mkono, anapapasa kilichomo, anatoa jibu usoni kabla ya mdomoni.

Halafu yupo aliyekataa. Nilikuwa nimechanganya vikombe viwili vya wanga wa mahindi na kimoja cha maji, ule uji wa ajabu ambao ukiupiga unakuwa mgumu, ukiuacha unatiririka. Wenzake waliuvamia hadi viwikoni. Yeye akaficha mikono mgongoni. Msaidizi wangu, kwa nia njema kabisa, akamshika mkono amsaidie kuuchovya, nikamwomba amwache. Wapo watoto ambao kitu cha kunata kinawasumbua ngozini kuliko tunavyodhani, na ukiwalazimisha unawafundisha kuiogopa meza.

Nilitia uji ule kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga na kuubandika mezani kwa gundi ya utepe. Akaubonyeza kwa kidole kimoja, juu ya plastiki. Juma lililofuata nikampa kijiko cha mbao chenye mpini mrefu, na kitambaa chenye maji nikakiweka karibu yake, ajue kwamba akichafuka kinachomsafisha kipo. Akapiga. Uji ukawa mgumu. Akapiga tena, akacheka.

Juma la tatu aliugusa kwa ncha ya kidole. Akakitoa, akakitazama kikichuruzika.

"Maji?" akaniuliza.

Nikanyamaza. Akaupiga kwa kiganja kizima.

"Jiwe!"

Kisha akafuta mkono kwa makini, kidole kwa kidole, akaenda kucheza na magari.