Namba Iliyo Mgongoni mwa Kitabu

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni nilitoka maktabani mikono mitupu mara tatu kwa ajili ya kitabu kimoja, ilhali katalogi ya kompyuta ilionyesha kila mara kwamba kipo. Mara ya nne mkutubi alinisindikiza hadi kwenye rafu, akakivuta kutoka mahali ambapo sikuwa nimepatazama, kisha akanionyesha kibandiko kilichokuwa mgongoni mwake: PL 8702 .M35. Nilikuwa nikikitafuta baada ya .M4, kwa kuwa thelathini na tano ni kubwa kuliko nne. Akanieleza kwamba herufi za mwanzo hufuata alfabeti, na 8702 husomwa kama namba nzima, lakini tarakimu zinazofuata nukta husomwa kama desimali, kwa hiyo .M35 hutangulia .M4, kama vile 0.35 ilivyo ndogo kuliko 0.4.

Huo ni utaratibu wa Maktaba ya Bunge ya Marekani, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi. Maktaba nyingine hufuata utaratibu wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 999. Kwa msomaji wa Kiswahili tofauti hii si ndogo. Kwa Dewey, lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake iko 896.392, hivyo anayeandika kuhusu sarufi ya ushairi hana budi kuhama rafu, pengine hata ghorofa. Kwa utaratibu ule mwingine, vyote viwili hukaa jirani, kati ya PL 8701 na PL 8704. Mimi naupenda ujirani huo, kwani vitabu vilivyonifaa kuliko vyote sikuvitafuta, bali nilivikuta kando ya kile nilichokifuata. Ndiyo maana nikishakipata kitabu siondoki kabla ya kusoma migongo ya majirani zake, kushoto na kulia, na kupitia faharasa ya kila kinachonivutia.

Usipojua jina la kitabu wala la mwandishi, tafuta kwanza kitabu kimoja tu kinachogusa mada yako, fungua taarifa zake katika katalogi, kisha fuata vichwa vya mada, yaani maneno yanayotaja kitabu kinahusu nini, vilivyoorodheshwa hapo. Mara nyingi vichwa hivyo huwa kwa Kiingereza hata kama kitabu chenyewe ni cha Kiswahili, jambo linalowapotezea wengi muda bure.

Kuazima kwenyewe hakuna ugumu: unahitaji kitambulisho, na unapaswa kuongeza muda kabla tarehe ya kurudisha haijapita. Kitabu kikiwa kwa msomaji mwingine, omba uwekewe nafasi. Kisipokuwapo kabisa, uliza kama maktaba yako inaweza kukiazima kutoka maktaba nyingine, huduma ambayo wanafunzi wengi humaliza masomo bila kuijua.

Na kitabu ulichokitoa rafuni ukakisomea humo humo, usikirudishe mwenyewe, bali kiache mezani au kwenye toroli. Kikichomekwa pasipo pake, hata hatua chache tu kutoka mahali pake, katalogi itaendelea kusema kipo, na mwenzako atarudi kukitafuta mara ya pili na ya tatu.