Chakula cha Kichina cha watu wawili: jinsi tunavyokipika nyumbani kwetu Guangzhou

Ukimtajia mtu chakula cha Kichina, mawazo yake yanakwenda kwenye kile cha mgahawani: kuku wa kukaanga aliyelowa mchuzi mtamu, na tambi zinazoteleza kwa mafuta. Mimi na mume wangu tunaishi Guangzhou, China, kazi yetu ni kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani Tanzania, na nasema kwa uhakika kwamba majirani zetu hawali hivyo kila siku. Chakula chao cha jioni ni chepesi, mboga ni nyingi, na mara nyingi kinaiva kabla wali haujakauka.

Mimi nilijifunza kukipika kwa sababu ya presha. Mume wangu alipopimwa, daktari alimwambia apunguze chumvi. Wakati huo tulikuwa tunaagiza chakula kwa simu karibu kila siku, na chakula cha kuagiza huwezi kujua kimetiwa nini. Mwongozo wa lishe wa China wa mwaka 2022 unasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, na mafuta ya kupikia yawe gramu 25 hadi 30. Sasa, kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Vijiko viwili tu kwenye sahani ya mtu mmoja, na siku yake imekaribia kwisha.

Mwalimu wangu ni jirani wa ghorofa yetu, mama mstaafu tunayemwita Ayi, kama wenyeji wanavyowaita akina mama wa rika lake. Tunazungumza kwa kusaidiwa na simu. Yeye hapimi kitu, anapika kwa jicho. Kila nikimuuliza chumvi ngapi, jibu lilikuwa ni lile lile: "Kiasi." Nikamwomba, "Ayi, kabla hujatia kwenye karai, mimina kwanza kwenye kijiko changu." Alicheka, lakini akakubali, na kila alichomimina nilikiandika. Ndipo nilipoona kwamba soya sosi yake ni kijiko kidogo cha chai, na sahani nyingine hazina kabisa. Ladha yake inatoka kwenye tangawizi, kitunguu saumu, majani ya kitunguu, na zaidi ya yote kwenye moto.

Mpangilio wake ni huu: kitoweo kimoja, mboga moja, supu moja na wali. Kwa watu wawili shida kubwa ni kiasi, maana mtu aliyezoea kupikia familia ya watu wanane Mwanza hajui kununua kidogo. Sokoni huku wanauza kwa jin, ambayo ni gramu 500, na haoni haya mtu anayeomba nusu jin ya mboga. Nusu jin inatutosha wawili. Nyama au kuku, gramu 150 zinatosha zikikatwa vipande vyembamba na kuchanganywa na mboga. Mchele napima gramu 150, na hapo hakuna kiporo.

Samaki nitamweleza kwa kirefu, kwa sababu ndiye aliyenifanya niache kukaanga. Hapa Guangdong, jimbo lenye mji wetu wa Guangzhou, wanafuga perege kwa wingi, na wengi ni sato yule yule wa kwetu ziwani, kwa hiyo sikuwa mgeni wake. Chukua sato wa kama nusu kilo, aliyeparuliwa na kusafishwa vizuri, hasa ule utando mweusi wa tumboni, ndio unaoleta shombo. Mkaushe kwa kitambaa, mchanje mara mbili kila upande. Tandaza vipande vya tangawizi kwenye sahani, mlaze juu yake. Maji yachemke kwanza chini ya kikapu cha mvuke, yawe yanatokota kweli, ndipo uingize sahani kikapuni na kufunika. Dakika 8 moto mkali, zima, mwache humo dakika 2 bila kufunua. Choma kwa kijiti palipo na mnofu mnene: kikipita bila kukwama, ameiva.

Kuna hatua moja hapa ambayo usiiruke. Kwenye sahani utakuta maji yaliyotoka kwa samaki. Yamwage yote, pamoja na ile tangawizi ya chini. Weka juu ya samaki tangawizi mpya na majani ya kitunguu, vyote vimekatwa nyembamba kama nyuzi. Pasha kijiko kimoja cha mafuta hadi yaanze kutoa moshi, kisha yamwagie juu. Utasikia yakilia, na harufu itakufikia hapo hapo. Soya sosi inafuata, kijiko kimoja cha chai kwa watu wawili, na inamiminwa pembeni mwa sahani, siyo juu ya samaki. Hivyo kila mtu anachovya anavyotaka na mnofu unabaki mweupe, mtamu wenyewe.

Mboga, jamani, ni zetu. Mchicha wanao, matembele wanayo, bamia na biringanya pia. Tofauti ni kwamba wao hawazichemshi hadi zilegee. Karai lipate moto sana, kijiko cha mafuta, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, halafu matembele yakiwa bado na matone ya maji ya kuoshea. Geuza haraka haraka. Hazipiti dakika 2. Chumvi inaingia mwisho, kwa sababu ukiitia mapema mboga inatoa maji na inakuwa kama imechemshwa.

Siku tukichelewa kurudi, napika yai la mvuke. Mayai mawili, maji ya uvuguvugu mara moja na nusu ya ujazo wa mayai, chumvi kidogo sana. Piga taratibu, chuja, funika bakuli kwa sahani, kisha mvuke wa moto mdogo kwa kama dakika 10. Kifuniko ni lazima, la sivyo matone ya mvuke yanatoboa uso wake. Likiiva linatikisika kidogo, na ni laini hata kwa mgonjwa. Supu ya siku hiyo ni nyanya na yai, basi.

Presha ya mume wangu imeshuka. Dawa anaendelea nazo kama daktari alivyoagiza, kwa hiyo sisemi ni chakula peke yake. Ila alikuwa anadai pilipili na chumvi mezani kila siku, na sasa anasema chakula cha kuagiza kinamkausha koo.

Mdogo wangu Mwanza nimemwelekeza haya yote kwa simu. Karai analo, sato anaye, matembele yako nyuma ya nyumba. Hana kikapu cha mvuke, kwa hiyo anageuza bakuli la bati ndani ya sufuria na kuegesha sahani juu yake. Alichonunua ni soya sosi tu, na nilimwambia asome nyuma ya chupa kabla ya kulipa, achague ile yenye sodiamu, yaani ile iliyomo kwenye chumvi, ndogo kwa kila mililita 100.