Kaiserstuhl, ndugu wa Lengai aliyeko Ujerumani

Watu wakifika huku kusini magharibi mwa Ujerumani wote wanakimbilia Schwarzwald, ile milima ya misitu, Kaiserstuhl wanaipita tu na gari, na mimi hilo linaniuma kweli. Sawa, ni vilima tu, urefu kama kilomita 15, upana 12 hivi, na kilele chake Totenkopf hakifiki hata mita 560. Lakini angalia vilipokaa: katikati ya tambarare ya mto Rhine, Schwarzwald mashariki, Vosges ya Ufaransa magharibi, na hiyo milima zamani ilikuwa kitu kimoja, ardhi ikavutika, katikati pakadidimia, ndo likawa bonde la ufa, yaani stori ileile ya Manyara na Natron. Halafu kama miaka milioni 19 hadi 15 iliyopita uji wa moto ukapata upenyo, volkano zikaanza.

Sasa panda Badberg, karibu na kijiji cha Schelingen. Kuna jiwe jeupe pale, ukilidondoshea asidi linatoa povu kama chokaa yoyote, na kwa muda mrefu wengi waliamini ni chokaa ya kawaida iliyopikwa na joto la volkano, maana nani angekubali kwamba kitu kama hicho kinaweza kupanda kutoka chini kikiwa kimeyeyuka? Lakini Oldoinyo Lengai, volkano yetu ya kaskazini mwa Tanzania, inatapika kitu cha namna hiyo mchana kweupe, na mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson akachapisha habari za lava yake iliyojaa kaboneti ya sodiamu. Ubishi ukaishiwa nguvu. Ya Badberg ni ya kalsiamu, ya Lengai ya sodiamu, ila ukoo mmoja, zote kabonataiti, yaani mawe ya volkano yaliyojaa kaboneti. Nataka kila mwanafunzi wa jiografia Tanzania alijue hili, mlima wetu umesaidia watu kuyaelewa mawe ya Ulaya!

Juu ya volkano kuna udongo wa manjano, vumbi la enzi ya barafu lililopeperushwa kutoka kwenye changarawe za Rhine, sehemu nyingine unene unapita mita 20. Zabibu zinaupenda sana. Unakatika wima bila kuporomoka ovyo, kwa hiyo njia za zamani zimezama katikati ya kuta ndefu, na ndege aina ya keremkerem wanachimba viota humo, wanalea makinda kiangazi halafu hao, wanarudi Afrika.

Ukienda, Badberg ni hifadhi, nyundo iache nyumbani.